Hereni 12 za mashangazi: kazi tamu, duka la mtandaoni linatesa

Naanza na hereni zenyewe maana ndo zimefanya nisimkasirikie huyu dada aliyeniuzia. Hereni ya shanga igeuze nyuma, hapo ndo utajua fundi ni fundi au anabahatisha. Zake nyuma ni safi kama mbele, uzi haujachomoza, fundo limefichwa ndani ya mstari wa mwisho wa shanga, na ile ngozi ya nyuma imeshonwa pembeni kwa mkono tundu kwa tundu, hakuna kubandika na gundi. Nimeivuta kwa nguvu mpaka wifi yangu akanipiga mkono "utaiharibu we", haikuachia hata shanga moja. Kwa kazi ya mikono nampa 5 kwa 5.

Sasa duka lake la mtandaoni. Aisee. 2 kwa 5, na hiyo 2 nimempa kwa upendo.

Jina silitaji, mwenyewe aliweka stetasi anaomba wateja wamwambie ukweli duka linakwama wapi, nkamwandikia gazeti zima, akasema hata ukiandika hadharani sawa tu dada ila nisubiri nirekebishe ndo unitaje. Haya. Yuko Arusha, anauza hereni, bangili na mikufu ya shanga kwa Instagram na WhatsApp, na nyie kina dada wengine wa Arusha na Moshi mnaouza hivohivo someni tu, mtajikuta humu.

Mi niko Moshi. Binti wa kaka yangu alikuwa na sendofu Jumamosi, kamati ikanitupia mimi hereni za mashangazi 12, bluu iliyoiva na dhahabu. Nikaingia kwenye page, kila picha chini imeandikwa "bei njoo inbox mpendwa". Kila picha! Nikaenda inbox, nikauliza zile za duara za bluu bei gani. "Zipi mpendwa?" Nikapiga skrinishoti nikatuma. "Hizo 12,000 ila kuna na zile za chini yake." Za chini yake zipi tena, kwangu chini yake kuna picha ya keki, nikatuma skrinishoti nyingine, mara bando limemwishia, mara yuko kwenye kifodi, jibu likaja saa nne usiku nimeshalala. Picha sita zimeenda na kurudi kwa kitu ambacho kingeisha kwa kuandika chini ya picha namba ya hereni na bei, H7, 12,000, basi. Mteja anaandika "nataka H7 pea 12" anaendelea na maisha yake.

Na cha kuuma ni kwamba anatumia WhatsApp Business tayari, ile salamu ya kujijibu yenyewe ipo. Ile ina katalogi ya bure, bidhaa moja unaiwekea picha mpaka 10, bei, maelezo, na namba ya bidhaa. Nikaifungua katalogi yake nikakuta vitu vitatu, kimoja ni picha ya maua imeandikwa Heri ya Mwaka Mpya.

Bei kufichwa nako kunaleta maneno. Wifi yangu aliuliza hereni zinafanana kabisa na zangu akaambiwa 15,000. Tukaangaliana. Unajua mawazo yalikoenda, kwamba huyu anaangalia picha ya profaili anakupangia bei kwa sura. Kumbe sivyo kabisa, nilipokuja kufika kwake (nitaeleza nilifikaje) akanimwagia shanga za aina mbili kwenye sahani ya chai. Hizi za 15,000 ni za Czech, kule Ulaya, akasema, shika. Zimelingana zote, ukizipanga kwenye uzi mstari unanyooka wenyewe. Zile nyingine kuna nene kuna nyembamba, nyingine tundu limeziba, inabidi akae anachambua moja moja kama mchele wenye mawe na zingine anatupa, na rangi ya baadhi inapauka mapema. Nikamuuliza sasa haya maneno matamu mbona kwenye page hakuna hata mstari mmoja? Akacheka. Mtu akielezwa hivyo 15,000 analipa bila kinyongo, asipoelezwa hata 12,000 anaona kaibiwa.

Picha. Mpendwa wangu, shanga za rangi tano unaziweka juu ya kitenge cha rangi saba halafu unapiga usiku kwa taa ya tyubu? Ni kumtafuta kinyonga kwenye majani. Halafu ameweka filta, ile bluu yangu kwenye picha ilionekana zambarau, nusura nisiagize, ilivyokuja ni bluu safi kabisa ya sendofu. Yani picha inamchongea mwenyewe. Karatasi nyeupe ya manila, dirishani asubuhi, jua lisipige moja kwa moja, filta atoe, na apige na upande wa nyuma maana hapo ndo anawashinda wenzake wote na hakuna anayejua. Na moja iwe sikioni mwa mtu.

Kukosekana kwa hiyo ya sikioni ndo kulikoniponza mimi. Mzigo ulikuja Jumatano kwa Coaster, Arusha na Moshi ni kama kilomita 80 tu, konda akanipigia nikaupokea stendi, mpaka hapo hakuna shida. Nikafungua nyumbani mbele ya watu. Jamani. Kwenye picha nilidhani ni za ukubwa wa kifungo cha koti, zilizokuja ni visosi! Nikapima kwa rula, sentimita 8 kwa upana, nikaweka pea moja kwenye mizani yangu ya keki, gramu 31. Shangazi yetu mkubwa kuliko wote akavaa moja, ndewe ikashuka, akauliza mama hii ni hereni au kengele ya ng'ombe? Nyumba nzima ikalala kwa kicheko, mimi nikicheka huku nahesabu siku, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.

Kosa langu lipo, sikuuliza ukubwa. Ila ningeulizaje kitu ambacho macho yangu yameniambia nakijua? Muuzaji ndo anatakiwa aandike, upana sentimita ngapi, urefu ngapi ukihesabu na ndoano, uzito gramu ngapi. Kwa watalii aongeze na inchi, unagawa sentimita kwa 2.54. Na kama kuandika ni kazi basi aweke sarafu ya 200 pembeni ya hereni, kila Mtanzania anajua ukubwa wake.

Nikampigia usiku uleule. Hapa ndo namsifia kwa moyo wote. Hakubisha, hakuniambia "mzigo ukishatoka haurudi mpendwa", akauliza tu ngapi ni kubwa. Mashangazi wanne vijana walishazing'ang'ania zile kubwa, kwahiyo nane. Akasema zilete kesho nizione hao mama wana masikio gani, tutazifanya upya. Alhamisi nikapanda gari mwenyewe. Profaili imeandikwa "Arusha mjini, Mnara wa Saa" nikashuka Mnara wa Saa kama mtalii, nikapiga simu, kumbe yuko Sakina! Panda kifodi dada, ukifika nishtue. Sasa kwanini usiandike Sakina? Eti Mnara wa Saa kila mtu anaujua. Kila mtu anaujua, na wewe haupo hapo.

Nikamkuta barazani na wenzie wawili, wakaanza pale pale nikiwaona, sentimita 4, pea nane, Ijumaa jioni zikaja na Coaster, na hakuniongezea hata shilingi. Zile kubwa nane alisema ataziuza na nasikia ziliisha.

Malipo nako kuna jambo. Alinipa namba ya mtu binafsi, likaja jina la mwanaume. "Ni mume wangu mpendwa, weka na ya kutolea." Yani 144,000 naituma kwa mwanaume nisiyemjua halafu nimlipie na ya kutolea? Nilituma kwasababu rafiki yangu alishanunua kwake, mteja mgeni hapo anaaga, matapeli wamejaa na wote wanaanzaga na mpendwa. Achukue lipa namba isome jina la duka, na kama makato yanamuumiza ayaingize kwenye bei kimyakimya. Mimi ukiniambia 12,500 nalipa, ukiniambia 12,000 na ya kutolea nanuna.

Halafu ndoano. Shangazi mmoja usiku wa sendofu masikio yalimuwasha yakavimba, yeye vyuma vyenye nikeli vinamkataa toka zamani, na ndoano nyingi za bei rahisi zina nikeli. Nilipomwambia yule dada akashangaa, mbona ndoano za fedha halisi, zile za 925, ninazo ndani, unaongeza 4,000 tu. Unazo! Nani alijua? Kwenye page haijaandikwa ndoano ni za nini, shaba, fedha au bati. Mstari mmoja tu ungemwokoa shangazi yangu na kukuingizia wewe 4,000, na nina hakika wapo wengi wanaopita tu kwasababu masikio yao yanachagua.

Kingine kidogo, zile za bluu kaziandikia tanzanaiti. Nikamuuliza, akasema ni heshitegi tu ya kuvuta watu. Dada, uko Arusha, Mererani pale karibu, dunia nzima inajua jiwe hilo linatoka hapo tu tangu lijulikane mwaka 1967, halafu unaliandika kwenye kioo cha 12,000? Mtalii akiona hivyo atadhani na mengine yote ni feki, wakati kazi yako ni halali. Andika bluu ya tanzanaiti, shanga za kioo. Hapo umevuta watu na hujadanganya.

Nitanunua tena? Ndio, nimeshaagiza bangili mbili za Krismasi, na safari hii nimepima kiganja changu kwa uzi nikamtumia sentimita kabla hajasema karibu mpendwa.

Jana usiku nimeona amepandisha hereni mpya. Pembeni kaweka rula ya shule ya mwanae, sentimita zinasomeka vizuri kabisa, na chini kaandika H1, 15,000, ndoano fedha. Nikafurahi mpaka nikamwita wifi aone. Wifi akaangalia, akaangalia tena, akaniuliza hereni iko wapi hapo. Bado yuko kwenye kitenge.