MIMIC-III: miezi minne nikitafuta wagonjwa wanaofanana

Wakuu, kama kuna mtu anataka kujaribu ile kazi ya kuifanya kompyuta imtafutie mgonjwa wenzake wanaofanana naye kwenye mafaili ya hospitali, mimi nimeshinda na MIMIC-III miezi minne, ngoja niwaambie. Ni data ya wagonjwa wa ICU (wodi ya mahututi) wa hospitali ya Beth Israel Deaconess kule Boston, Marekani, kuanzia 2001 mpaka 2012, wagonjwa 46,520, majina yametolewa na tarehe zimesogezwa mbele makusudi, yaani unakuta mtu kalazwa mwaka 2150 huko.

Bei ni bure. Ila sio bure ya kuokota maembe chini ya mti, unafungua akaunti PhysioNet (tovuti inayotoa hiyo data), unasoma kozi ya maadili ya utafiti (ndefu hiyo, weka chai karibu), unatoa jina la mtu wa kukudhamini, unasaini kwamba humgawii mtu na hutajaribu kujua mgonjwa ni nani. Mimi ilinichukua kama wiki mbili. Kushusha ni GB 6 na ushee zikiwa zimebanwa, bando langu lote likaishia hapo, halafu kuna faili linaitwa CHARTEVENTS lina mistari zaidi ya milioni 330, laptopu yangu ya RAM 8 ikaganda nikabaki naiangalia tu. Usithubutu kufungua na Excel, weka PostgreSQL, programu ya hifadhidata.

Haya, kwenye kufanana kwenyewe. Kila mgonjwa unamgeuza msururu wa namba, umri, presha, mapigo ya moyo, kreatinini (kipimo cha damu cha figo) na vingine, halafu unapima nani yuko karibu na nani. Mtafiti Joon Lee na wenzake 2015 walifanya hivyo na MIMIC-II, toleo la kabla ya hili, kwa kipimo cha kosaini (kinaangalia misururu miwili inaelekea upande mmoja kiasi gani), wakaonyesha modeli, yaani programu ya kubashiri, ikifundishwa kwa wagonjwa wachache wanaofanana na wako inabashiri vifo vizuri kuliko ikifundishwa kwa wote. Nikasema mbona kazi ndogo hii.

Nikachukua mgonjwa mmoja mzee wa nimonia nikaomba 20 wanaofanana naye. Nikaletewa vikongwe watupu, mwenye nyonga, mwenye moyo, mwenye figo, nimonia wa kuhesabu. Siku mbili nakuna kichwa, kumbe mzee wangu ana miaka 300! Waliovuka miaka 89 wote wamepewa umri wa 300 hivi ili wasitambulike, na imeandikwa waziwazi kwenye maelezo, mimi ndo sikusoma. Namba kubwa hivyo ikikaa pamoja na kreatinini ya 1.2 unadhani itasikilizwa ipi?

Nikarekebisha, nikapata makundi mawili safiii, nikakimbia kwa mwalimu wangu kifua mbele. Akaangalia kidogo akaniuliza, kijana, umeangalia walirekodiwa na mfumo gani? Sikuwa nimeangalia. Ile hospitali ilihama katikati kutoka CareVue kwenda MetaVision, kwa hiyo kipimo kilekile cha mapigo ya moyo kwenye mfumo wa zamani kina namba ya utambulisho 211 na kwenye mpya 220045. Mimi nilikuwa nimegundua kwamba hospitali ilibadilisha programu, ugonjwa haumo hata kidogo. Angalieni mapema jamani kolamu ya DBSOURCE, ndiyo inayosema data imetoka mfumo gani, na muunganishe hizo namba kabla ya kupima chochote.

Kingine, kodi za magonjwa za ICD-9 (namba za kimataifa za kutambulisha ugonjwa, sio kodi ya serikali) zinawekwa mgonjwa akishatoka, kwa ajili ya bili. Ukizitumia kupima kufanana kwa mtu aliyefika leo asubuhi unakuwa umechungulia majibu ya mtihani. Na msisahau kuwatoa watoto wachanga, wamo humo humo.

Mimi naipa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja naikata kwa sababu ni ICU za hospitali moja tu, modeli yako ukiihamishia wodi za huku kwetu usishangae ikikuletea ndugu wa mbali. Anayeanza leo aende MIMIC-IV, toleo jipya, moja kwa moja, kule mfumo ni MetaVision tu na wazee waliovuka 89 wamewekewa umri wa 91, ila kodi zimechanganyika ICD-9 na ICD-10 kwa hiyo ugonjwa mmoja bado unaweza kuwa na sura mbili. Na kabla ya kuunguza bando kuna demo (sampuli ndogo ya kujaribia) ya wagonjwa 100, haina kozi wala mdhamini, anzieni hapo.