Usukani wa Hilux yangu ya 1994: nilitumia 259,000, nilishaambiwa 750,000

Gari langu ni Toyota Hilux LN85 ya mwaka 1994, injini ya 2L ya dizeli, usukani wa kawaida usio na pawa. Linabeba nyanya kutoka mashambani Ilula kwenda Iringa mjini, na msimu ukichanganya linashuka hadi Morogoro. Ndilo linalolisha nyumba yangu, kwa hiyo likilala gereji siku tatu tunahisi wote.

Usukani ulianza kucheza kidogokidogo, nami nikauzoea, na hapo ndipo nilipokosea. Barabara imenyooka lakini mikono haitulii, kila saa unarudisha kushoto, unarudisha kulia. Siku moja niliamua kupima. Nilibandika selotepu juu ya usukani, nikausogeza polepole huku kijana wangu akiangalia tairi la mbele, aniambie linapoanza kutikisika. Futi ikasoma milimita 70 na ushee. Kitabu cha gari kinataka isizidi 30.

Wiki ileile nilishuka mlima Kitonga na matenga 28 mgongoni. Kwenye kona moja basi lilikuwa linapanda, nikakata usukani, gari likachelewa kuitika. Ni kitambo kidogo sana, lakini nilikiona. Niliposimama Ruaha Mbuyuni kunywa chai, vidole vilikuwa bado vinatetemeka.

Gereji ya kwanza niliyokwenda, fundi hakuingia hata uvunguni. Alifungua boneti, akalegeza loknati (nati ya kufungia) juu ya steringi boksi, lile boksi la gia za usukani, akakaza skrubu ya katikati kwa bisibisi, akaniambia tayari. Nikalipa 30,000. Mchezo ulipungua kweli, ila usukani ukawa mzito, na baya zaidi, ukishamaliza kona haurudi wenyewe. Lazima uurudishe kwa mkono. Gari la mzigo lisilorudisha usukani ni hatari kuliko lile lenye usukani uliolegea. Niliporudi kulalamika nikaambiwa boksi limekwisha, nitafute la mtumba: pamoja na ufundi, 750,000.

Sikuwa nayo. Ndipo jirani akanielekeza kwa mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mti, hana hata kibao. Nilimwamkia, nikamweleza, naye kabla ya kugusa spana yoyote akaniambia, "Mwanangu, kaa kwenye usukani. Utikise kidogokidogo, kushoto kulia, usiache mpaka nikwambie." Akalala kwenye boksi la karatasi lililokunjuliwa, akaingia uvunguni. Nilimsikia anahama kutoka jointi moja ya vyuma vya usukani hadi nyingine. Kisha akaita tubadilishane, akataka nione kwa mkono wangu.

Hilo ndilo ninalotaka kila mwenye gari la zamani alijaribu kabla ya kutoa hela. Unaikamata jointi kwa kiganja, nusu ya kiganja upande mmoja na nusu upande wa pili, mtu anatikisa usukani juu. Jointi ambayo haijaisha inasogea kama kitu kimoja. Iliyokwisha unausikia mgongano ndani ya kiganja, upande mmoja unaanza kwenda halafu mwingine unafuata. Kwangu tairodi, zile jointi za vyuma vinavyosukuma matairi, za nje zote mbili zilikuwa hivyo, na ya ndani ya kulia. Lakini kilichonishangaza ni aidla amu, ule mkono uliofungwa kwenye chesisi upande wa kushoto, unaoshika ncha ya pili ya chuma kirefu cha katikati. Badala ya kwenda pembeni tu, ulikuwa unapanda na kushuka karibu upana wa kidole. Kila nilipokata usukani, sehemu ya nguvu ilikuwa inaishia pale.

Baadaye akapiga jeki. Tairi ukilishika saa tatu na saa tisa likacheza, angalia tairodi. Ukilishika juu na chini likacheza, angalia beringi na boljointi, zile jointi za juu na chini zinazoshika tairi. Boljointi zangu zilikuwa nzima, beringi ya kushoto ilitaka kukazwa tu, haikugharimu kitu.

Kwenye spea nina neno. Miezi kadhaa kabla nilishawahi kufunga tairodi mbili za 12,000 kila moja, zisizo na jina, na ndizo hizohizo tulizokuwa tunazitoa. Raba zake zilikuwa zimepasuka, grisi yote imetoka, mchanga umeingia. Safari hii nilinunua 555 za Kijapani, zile mafundi wanaziita tripo faivu, tatu kwa 38,000 kila moja. Aidla amu mpya 75,000. Mzee alinikataza kununua aidla ya mtumba, akasema huwezi kujua bushi yake imebaki na nini.

Kutoa tairodi hakutumia nondo wala moto. Alilegeza nati, akaiacha imeshika nyuzi chache, akapiga nyundo ubavuni mwa jicho la mkono wa tairi, si kwenye nyuzi. Pigo la tatu ikatoa mlio mkavu, ta! ikaachia. Wakati wa kuizungusha itoke alihesabu mizunguko kwa sauti, kumi na saba, na mpya akaiingiza mizunguko hiyohiyo, ili matairi yasikae vibaya mno kabla ya alaimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa mwelekeo wake. Kotapini zote, zile pini za kuzuia nati zisilegee, akaweka mpya.

Mwisho kabisa ndipo alipogusa boksi. Alinyoosha matairi, akairudisha ile skrubu nyuma mpaka usukani ukawa mwepesi kutoka mwisho hadi mwisho. Alinieleza kwamba gia za ndani ya boksi hulika zaidi pale katikati, kwa kuwa muda mwingi gari linakwenda mbele, hivyo ukikaza mpaka katikati pasicheze kabisa, pembeni patabana. Hapo nikaelewa kwa nini kona zilikuwa zinanigomea.

Ufundi 40,000, alaimenti mjini 30,000. Jumla 259,000. Alaimenti msiiruke, jamani. Matairi yangu ya mbele yalikuwa yameshaanza kulika kingo za ndani, na jozi ya matairi ni ghali kuliko kazi yote hii.

Sasa ni miezi 14. Nimepima tena kwa selotepu na futi ileile: milimita 24. Kitonga nashuka na mzigo, gari linakwenda ninakolielekeza na usukani unarudi wenyewe. Lawama yangu kwa mzee ni moja tu, kazi ya siku moja ilichukua siku mbili kwa sababu hakuwa na spana ya kutosha nati ya aidla, ikabidi tuazime. Kwa mikono yake ningesubiri hata tatu.

Boksi bado lina mchezo kidogo, na sitamruhusu mtu alikaze. Tairodi ya ndani ya kushoto hatukuibadilisha. Kila nikibadilisha oili naingia uvunguni, naikamata kwa kiganja, kijana anatikisa usukani. Mpaka wiki iliyopita ilikuwa kimya.