Breketi mpya ya injini kwenye mashua ndogo ya tanga: inafaa?

Haya jamani, karibuni. Leo tunaichambua hii hapa: breketi ya kushikilia injini ya nje, mwili wa alumini, springi mbili, na komeo lenye ngazi nne za kupandishia na kushushia. Ile ya zamani iko pale chini. Plaiwudi yake imefumuka kama kitabu kilicholowa maji, hata vishikio vya injini havina pa kung'ata.

Tuanze na uzito. Kwenye boksi wameandika nguvu ya farasi na kilo, na watu wengi husoma farasi tu. Breketi nyingi za zamani ziliundwa kwa injini za tustroki, zile za kuchanganya petroli na oili, ambazo ni nyepesi. Fostroki, yaani ile yenye oili yake kando, ya farasi 6 na silinda moja, inakaribia kilo 25 au inazidi kidogo. Springi zikiwa dhaifu, utainyanyua injini kwa mgongo wako. Zikiwa kali mno, kuishusha ni kazi. Hizi za leo, tazama: navuta kwa mkono mmoja, inapanda, komeo linalia "ta!" na linashika. Hapo nawapa maksi zote.

Ila urefu pimeni wenyewe. Injini ya shafti fupi ni inchi 15, ndefu ni inchi 20. Mashua ya tanga hupigwa na wimbi, omo (mbele) likazama, tezi (nyuma) likanyanyuka, rafadha, yaani panga la injini, ikavuta hewa, na injini ikaunguruma bure bila kusukuma kitu. Kwa hiyo ikishushwa, lile bamba la juu ya rafadha lizame vizuri. Ikipandishwa, rafadha itoke majini kabisa, la sivyo mkiwa na tanga mnaburuta breki.

Sasa kufunga, na hapa ndipo penye kazi. Kabla ya kutoboa chochote, gongeni ukuta wa tezi kwa mpini wa nyundo. Sauti kavu, sawa. Sauti butu, au tundu la zamani likitoa maji ya kahawia, mbao iliyo katikati ya fibaglasi imeoza, na breketi yoyote mtakayofunga hapo itang'oka na ukuta wake.

Ngoja nisogeze kamera. Mnaona tundu hili? Nimelitoboa pana kuliko bolti, nikalijaza epoksi (gundi inayokauka ikawa ngumu), ikakauka, ndipo nikatoboa tena katikati kwa kipimo cha bolti. Maji yakipenya, yanakutana na epoksi, si mbao. Kwa nje nimelipanua mdomo kidogo ili gundi ya kuzuia maji ipate pa kukaa. Silikoni ya bafuni iacheni bafuni.

Kwa ndani wekeni bamba la alumini au fibaglasi nene. Washa, vile vipete vya chini ya nati, peke yake zitazama ukutani, maana injini haitulii, inasukuma na kuvuta muda wote. Kukaza ni kazi ya watu wawili: wa nje ashike kichwa cha bolti kisizunguke, wa ndani azungushe nati. Bolti ikizunguka, gundi inachanika. Na nati za chuma kisichoshika kutu zipakeni grisi, zungusheni taratibu, maana zikishikana kwenye nyuzi hazitoki tena bila msumeno.

Malalamiko yangu ni mawili. Bolti za kwenye boksi ni fupi. Ukishaweka bamba la ndani hazifiki, kwa hiyo nunueni nyingine za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316. Halafu hakuna hata tundu la kufungia kamba ya usalama. Injini ikilegea mnaiaga. Mimi nimeifunga ya kwangu kwenye pete ya sitaha.

Ubao wa injini kwenye hii ni plastiki ngumu, hauozi, lakini unateleza kidogo, kwa hiyo vishikio vikazeni tena baada ya safari ya kwanza.

Kwa injini ya silinda moja, naichukua. Kwa ya silinda mbili, ya kilo 40 hivi, hapana, tafuteni kubwa zaidi.