Semina ya "fursa" pale Mwenge: dawa ya meno sio mbaya, ushauri wa biashara ndo balaa

Naanza na maksi kabisa ili mwenye haraka aendelee na mambo yake. Dawa ya meno yao 3 kati ya 5, ofisi 4 kwa sababu AC inapiga kweli na lifti inafanya kazi, mafunzo ya biashara sifuri. Na mafunzo ndo kitu kikubwa wanachokuuzia pale, hizo dawa za meno na machai ya kusafisha tumbo vinasindikiza tu, kwa hiyo nitaongelea mafunzo.

Jina la kampuni silitaji, ila ni zile za biashara ya mtandao (network marketing), unalipa kujiunga, unanunua bidhaa zao na kuingiza watu wengine chini yako. Ofisi iko ghorofani maeneo ya Mwenge, wenyewe wanajijua, na isitoshe wateja wangu walioenda semina za kampuni zingine huko Ubungo na Makumbusho wamenisimulia maneno hayohayo, yani kama wote wamekaririshwa na mwalimu mmoja. Mi nilienda kwa sababu ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kamaliza chuo hana kazi, alishalipia kifurushi cha kuanzia laki 4 na 20 na kila siku ananiganda dada njoo usikilize mwenyewe, si wewe ni mfanyabiashara. Kweli nauza vipodozi Kariakoo, najua kununua kwa dazeni na kuuza kimoja kimoja, basi nikaenda na kalamu.

Somo la kwanza ni la majina. Unaandika watu 100 unaowafahamu, ndugu, mliosoma wote, wa kanisani, wa msikitini, mama mwenye nyumba, dereva boda wako. Usimchagulie mtu maisha, anasema lida (ndo wanavyomwita kiongozi aliye juu yako), huwezi jua nani ana njaa ya mafanikio. Sawa. Halafu mnafundishwa kupiga simu, na hapa nikamwomba mdogo wangu daftari lake nisome kwa macho yangu. Kaandika hivi: mwambie kuna fursa, usitaje kampuni, usitaje bidhaa, akiuliza ni biashara gani mwambie haielezeki kwenye simu, mwambie bosi wangu anatafuta watu wawili tu, kata simu kabla hajauliza swali la pili. Hilo la mwisho kalipigia mstari chini, na wino mwekundu. Nimekaa sokoni muda wa kutosha na sijaona mfanyabiashara anayeficha bidhaa yake mteja asijue kinachouzwa, machinga wa Mtaa wa Kongo anakufuata na blauzi mkononi mpaka unapanda daladala, anataja bei, anataja saizi, anakutajia mpaka rangi alizoacha kwenye mzigo. Ukiona unafundishwa kuficha ujue kuna kitu mtu akikijua mapema haji.

Somo la pili ni la ubao, na hili ndo lililonikera zaidi kwa sababu limevaa nguo za hesabu. Lida anachora duara, hapo ni wewe. Unatafuta watu 6. Kila mmoja anatafuta 6. Duara zinashuka, ukumbi unapiga makofi, chini kabisa anaandika milioni kadhaa kwa mwezi na kuizungushia nyota. Anaishia ngazi ya 4 mpaka ya 5 hivi, anafuta. Mi nikaendelea kwenye karatasi yangu: 6, 36, 216, 1,296, 7,776, 46,656, 279,936, 1,679,616, halafu ngazi ya 9 ni 10,077,696. Dar nzima sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Ngazi ya 10 peke yake inataka watu 60,466,176 na Tanzania nzima hiyo sensa ilipata 61,741,120, pamoja na vichanga na mabibi wa miaka 90, na ukijumlisha na hao wa ngazi za juu umeshapita milioni 72, kwa hiyo inabidi tukaazime watu Kenya. Na popote huo mlolongo utakapokatikia, ngazi ya mwisho ina watu wengi kuliko ngazi zote za juu yake ukizijumlisha, na hao wa mwisho hawana hata mtu mmoja chini yao. Hii haitegemei bidii. Wote wakiwa na bidii ya kufa mtu bado wengi watakuwa chini.

Nikanyoosha mkono nikauliza, kaka samahani, hawa wa mwisho wanamuuzia nani? Akacheka kwa upole, kijana mtanashati kweli, suti kamili na joto la Dar, akasema, "Dada yangu, wewe una akili ya duka." Watu wakacheka. Mi mwenyewe nikacheka, maana ni kweli, duka ndo linalonilipia kodi.

Sasa tuje kwenye mzigo wa kila mwezi. Ili upate bonasi inabidi uwe aktivu, na uaktivu ni kununua bidhaa za pointi fulani kila mwezi, kwa mdogo wangu ilikuwa kama laki na 35. Ushauri anaopewa: hauhitaji kuuza, badilisha tu duka, vitu ulivyokuwa unanunua kwa Mangi nunua kwako mwenyewe. Inasikika vizuri eeh. Dawa ya meno yao ni elfu 22. Kwa Mangi pale mtaani kwake ya kawaida inaanzia elfu 2 na kitu, na binti anakaa peke yake chumba kimoja Sinza, ana mdomo mmoja. Nilipoenda kwake chini ya kitanda kulikuwa na boksi la dawa za meno bado zina nailoni, chai za kupunguza tumbo, na pedi za kutosha darasa zima. Nikamuuliza kwa mwezi unaingiza ngapi, akanionyesha meseji ya bonasi, elfu 19. Toa kwenye laki na 35. Weka nauli za mwendokasi na bajaji, weka bando la kuhudhuria vikao vya Zoom usiku, weka kiingilio cha semina ambacho ni buku tano, weka suti ya mtumba ya Karume maana kuna sheria ya kuvaa kama mtu ambaye tayari amefanikiwa. Nikamwambia mdogo wangu, hapa wewe ndo mteja. Hakuna mteja mwingine, ni wewe.

Hakuna mtu pale ndani aliyewahi kumfundisha kutoa gharama kwenye mapato. Mafunzo ya biashara yasiyo na neno faida! Wana pointi, wana ranki, wana bonasi, wana safari ya Dubai, ila ukiuliza kwa dawa moja nabakisha shilingi ngapi unaambiwa unafikiria kidogo.

Na ushauri wa mtaji sasa. Mtu akisema sina hela anajibiwa "hakuna asiye na hela, kuna asiye na maamuzi". Halafu zinatolewa njia: uza simu, uza kitanda utanunua kingine, azima kwa mzazi bila kumwambia ni ya nini, chukua Songesha ile ya kukopa kwenye M-Pesa, chukua mikopo ya mtandaoni. Msichana mmoja nyuma yangu alisimama kutoa ushuhuda kwamba alikopa kausha damu akapandia ranki, akapigiwa makofi makubwa kuliko mtu yeyote siku ile. Kausha damu! Mikopo ambayo wakina mama Mbagala wanachukuliwa magodoro na masufuria, pale ni ushuhuda. Nilitafuta macho ya mtu mmoja ashtuke na mimi, hakuna.

Ukianza kuwa na wasiwasi kuna somo lake pia, linaitwa watu hasi. Ndugu anayekuuliza maswali ni mtu hasi, mume anayeuliza hela imeenda wapi ni mtu hasi, rafiki aliyewahi kujiunga akatoka huyo ndo hasi kabisa na unashauriwa umblok. Kwa hiyo wote wanaoweza kukuonyesha hesabu wanatolewa kwenye simu yako, wanabaki wa kwenye grupu wanaotumiana emoji za moto saa 11 alfajiri. Na ukishindwa, haikuwa kampuni, ni wewe hukufuata mfumo. Mdogo wangu alikuwa anaamini hilo kabisa, anasema dada tatizo mimi sijiamini. Binti aliyesimama mbele ya darasa zima la chuo akitetea ripoti yake!

Kuna mtu atasema huo sio upatu, ule wa kulipa wa mwanzo kwa hela ya wanaoingia nyuma, maana kuna bidhaa. Hiyo hoja ilisemwa pale, na wakaonyesha cheti cha BRELA kimewekwa kwenye fremu ukutani. BRELA inasajili makampuni na majina ya biashara, haipiti kukagua kama mfumo wa malipo utakulipa wewe. Tunakumbuka DECI ya 2009, ya kupanda mbegu na kuvuna, watu wakapanga foleni Mabibo, serikali ikasimamisha na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu ikatia hatiani baadhi ya viongozi wake. DECI hawakuwa na bidhaa, ilikuwa hela kwa hela. Hawa wana bidhaa, sawa, ila cha kuangalia ni hela ya bonasi inatokea wapi: kwa mama wa mtaani aliyenunua sabuni kwa sababu anaipenda, au kwa yule mpya aliyelipa laki 4 na 20 kuingia? Wamarekani wameshabishana sana kuhusu hili, mwaka 2016 kampuni kubwa ya Herbalife ilikubaliana na tume yao ya biashara, FTC, kulipa dola milioni 200 na kubadilisha mfumo ili malipo yaegemee mauzo kwa watumiaji halisi na sio kuingiza watu. Na Septemba 2024 hiyohiyo FTC ikatoa ripoti baada ya kupitia taarifa za mapato ambazo kampuni 70 za aina hii zilitoa zenyewe, washiriki walio wengi walipata dola 1,000 au chini yake kwa mwaka, na hapo gharama hazijatolewa. Kwa mwaka, sio kwa mwezi, na huko ni Marekani.

Nisiwaonee lakini. Dawa ya meno inatoa povu zuri na ladha yake haichomi. Vijana pale wanajifunza kusimama na kuongea mbele za watu, hilo nimeliona, mmoja alikuwa anatetemeka mwanzo akamaliza vizuri. Mapokezi wana heshima. Ila ile chai, lida alisema kwa mdomo wake inashusha sukari na presha na mtu anaweza kuacha vidonge vya hospitali, hapo ndo nilisimama nikatoka kwenda kupumua kwenye korido. Dawa hapa nchini zinasajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Nikageuza boksi nitafute namba ya usajili sikuiona, juu imeandikwa chai. Kama una mzazi mwenye kisukari usimpelekee maneno ya pale.

Mdogo wangu ilibidi tukae siku nzima na karatasi. Sikumwambia wewe ni mjinga, maana wameshamwandaa kwa hilo, nilimwachia kalamu aandike mwenyewe kilichotoka na kilichoingia toka ajiunge. Alipofika chini akanyamaza, halafu akasema, "Dada, kumbe hii bonasi ni hela yangu mwenyewe inarudi pungufu." Basi. Tukaenda kudai.

Kwa wanaotaka kurudisha mzigo, hivi ndo ilivyoenda kwetu: hela ya usajili wakasema hairudi na kweli imeandikwa kwenye fomu, maandishi madogo ukurasa wa nyuma. Bidhaa zenye sili wanapokea ndani ya muda uliotajwa kwenye fomu hiyohiyo, wanakata asilimia ya gharama za ofisi, walichukua za mwezi ule tu na zilizobaki wakakataa. Nenda na risiti zako za ofisini, zile za M-Pesa ulizomtumia lida wako binafsi hawazitambui kabisa, watakwambia kadai kwake. Lida wa mdogo wangu hapokei simu mpaka leo. Nenda asubuhi katikati ya wiki, Jumamosi ukumbi unakuwa na wageni na hapo hakuna atakayekaa na wewe kuongelea marejesho. Na mzigo uliobaki nimeuweka dukani kwangu, dawa ya meno naitoa elfu 5, ikifika elfu 6 watu wanairudisha kwenye shelfu.