Walilitengeneza buli langu, kisha wakaliharibu

Mnisamehe, hasira haijanitoka. Nina buli la fedha lililotengenezwa London mwaka 1790, nililolinunua mnadani kwa hela niliyoidunduliza muda mrefu. Mabuli mengi ya miaka ile yaliundwa kwa bamba la fedha lililokunjwa umbo la yai na kuunganishwa upande wa kishikio. La kwangu ungio hilo lilianza kuachia, kishikio kikawa kinacheza. Nikalipeleka kwa mafundi wa fedha hapa hapa London, duka la heshima, zulia hadi mlangoni. Nilisema wazi, na dada wa mapokezi akaandika: lehemuni ungio tu, msiling'arishe.

Wiki kadhaa baadaye naenda kulichukua, nakuta linawaka kama sufuria mpya ya dukani.

Nakshi za enzi zile zilichongwa kwa patasi ndogo iliyosuguliwa sana, kila mkato ukawa na kuta za mshazari zinazorudisha mwanga. Ukiligeuza buli dirishani, maua yalikuwa yanamemeta moja baada ya jingine. Uzuri wote ulikuwa kwenye makali ya mikato. Mashine yao, ile ya gurudumu la kitambaa, imeyala makali hayo. Shada lililozunguka mfuniko bado lipo, lakini limezimika. Buli zima linang'aa, maua hayang'ai!

Na mihuri je? Chini kulikuwa na mitano: simba anayetembea, wa kuthibitisha kwamba fedha ni sehemu 925 kwa 1000, kichwa cha chui chenye taji, cha London, herufi ya mwaka, kichwa cha Mfalme George III, kuonyesha ushuru umelipwa, na herufi za jina la fundi. Zamani pua ya mfalme ilionekana. Sasa napitisha kidole, pameteleza tu. Herufi za fundi zimebaki kivuli.

Nikamwita mkubwa wao. Hata pole hakunipa. Akasema, "Wateja wengi wanapenda ling'ae. Na hata hivyo, bibie, hili si la Hester Bateman." Anamtaja yule mjane aliyesajili muhuri wake mwaka 1761, ambaye vyombo vyake watu wanavigombea hadi leo. Kwa hiyo fundi asiye maarufu ruksa kumfuta? Huyu wangu ndiye aliyeuhitaji muhuri wake zaidi, maana hana kingine kinachomtaja duniani.

Haki yao niwape: ungio wamelilehemu vizuri mno. Wametumia lehemu ya fedha, si ile risasi ya kijivu wanayopakaza mafundi wavivu. Nimetia chai ya moto, halivuji hata tone, na kishikio kimetulia tuli. Aliyelehemu ni fundi wa kweli. Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia msikanyage pale kabisa. Labda nendeni, kama chombo chenu kimevunjika na hakina nakshi.

Hapana, msiende. Chombo ni changu, nimesema kisipitishwe kwenye mashine, wao wakakipitisha, kisha wakanijibu vile.

Ya kulehemu nimelipa. Ya kung'arisha, waliyoiandika kwenye risiti kana kwamba niliiomba, nimegoma. Nimewadai pia ile karatasi aliyoandika dada wa mapokezi. Mpaka leo wanasema hawaioni.