Tathmini ya kabini ya Auguste Piccard: ukuta ni imara, matundu ndiyo mashaka

Anayetaka kupanda na puto la hewa moto hadi mahali ambapo hewa haitoshi kupumua aanze kuichunguza kabini ya Auguste Piccard, mwanafizikia wa Uswisi, ingawa yeye aliitundika chini ya puto la hidrojeni. Ni tufe la alumini lenye kipenyo cha mita 2.1 hivi na ukuta wa milimita 3.5 tu. Tarehe 27 Mei 1931 liliwachukua yeye na msaidizi wake Paul Kipfer kutoka Augsburg, Ujerumani, hadi mita 15,781, ambako mgandamizo wa hewa ni kama sehemu moja ya kumi ya ule wa usawa wa bahari.

Umbo lake nalisifu bila kusita. Hewa iliyofungiwa ndani husukuma ukuta kwa nguvu ileile kila upande, na kwa kuwa tufe halina kona ya kuelemewa kuliko pengine, bati jembamba vile lilitosha. Mashaka yapo pale ukuta unapotobolewa. Tundu moja la chombo cha vipimo lilivuja wakiwa wanapaa, na Piccard akaliziba kwa nyuzi zilizokandwa na vaselini. Kila nikilifikiria donge hilo, lililokuwa ngao yao pekee dhidi ya kifo, moyo hunienda mbio. Kisha kamba ya vali ya kutolea gesi ikanasa, wakashindwa kushuka hadi jioni ilipolipoza puto.

Kwa upande wa joto, alama zake ni za chini. Nusu ya tufe ilikuwa nyeusi na nusu nyeupe, ili mota iligeuze upande mweusi au mweupe kuelekea jua, joto liongezwe au lipunguzwe. Mota ikagoma, ndani kukawa tanuri, na kiu ikawafanya walambe matone ya ukutani. Kabini ya safari ya mwaka 1932 ikapakwa nyeupe, na abiria wakatetemeka kwa baridi.

Vijaypat Singhania, aliyefika mita 21,027 juu ya India mwaka 2005 kwa puto la hewa moto, naye alisafiri ndani ya kabini iliyozibwa. Katika puto la aina hiyo, rubani hulisha moto mara kwa mara, hivyo njia zake za kuviongoza vichomeo, yaani mitambo ya kuwasha moto huo, lazima zipenye ukutani. Kwa hiyo, nikikabidhiwa kabini kama hii niikague, nitaanza na mpira wa kuziba kila tundu, tena ukiwa umegandishwa kwa baridi kali, kabla sijagusa ukuta wenyewe.