Niliagiza tanga la kusi, nikapewa tumbo

Nilijiambia nisiandike lolote kuhusu tanga hili mpaka hasira zipoe. Hazikupoa, kwa hiyo naandika nazo.

Kusi, ule upepo mkali wa kusini, ilipoanza mwaka huu nilimpelekea fundi mmoja wa matanga kazi ya mashua yangu ya mashindano hapa Lamu. Si mtu wa visiwani kwetu, na jina lake silitaji. Nilisifiwa kwamba mishono yake haifumuki, kwamba anashona poliesta vizuri kama wengine wanavyoshona merikani ya pamba, na kwamba akikuahidi Ijumaa unalipata Ijumaa. Yote matatu ni kweli, na nayatanguliza ili nisije nikaambiwa nimemdhulumu.

Agizo langu lilikuwa moja: tanga la kusi, bapa, lisilo na tumbo. Nilimwambia kwa mdomo, nikamchorea kwa chaki kwenye sakafu yake, na mlangoni nikarudia. Foromali yangu, ule mti unaobeba tanga, ni ngumu, haipindi sana upepo ukikaza. Kwa hiyo ule ukingo unaofungwa kwenye foromali usiukate kwa mviringo mkubwa, maana foromali isipopinda, kile kitambaa kilichozidi kitakwenda wapi? Kitatoka tumbo. Akaitikia "sawa, sawa" macho yako kwenye simu.

Asiyewahi kukimbiza mashua kwenye kusi ya mwezi wa sita na wa saba ataona nakuza jambo. Upepo ukitoka noti 10 ukafika 20, nguvu inayolipiga tanga haiongezeki mara 2, inakuwa mara 4. Tumbo ambalo kwenye upepo mwanana linakuvuta mbele, hapo linakusukuma ubavuni. Linarudi nyuma, mashua inalala, omo, yaani mbele ya mashua, inang'ang'ania kugeukia upepo, na kana, mkono wa usukani, inakuwa nzito mpaka mkono unakufa ganzi, na kila ukiishikilia, usukani unageuka kuwa breki. Na tanga letu si la kukunjwa likapunguzwa. Ama unalo dogo la kubadilisha, ama unalegeza demani, ile kamba ya kuvutia tanga, upepo umwagike, na ukiumwaga wenzako wanapita.

Ndivyo walivyotupita.

Tulianzia mbele ya mji kwenda Shela, kama kilomita 3 za kupiga bisho, kwenda mshazari huku na huku, uso kwa uso na kusi, halafu kuzunguka boya na kurudi na upepo mgongoni. Maji yalikuwa yanatoka na upepo unaingia, na pale kwenye mlango wa bahari, ukielekea Ras Kitau, mawimbi yalikuwa mafupi na yamesimama wima. Viroba vyote vya mchanga nilivipeleka upande wa joshi, unakotoka upepo. Vijana watano walikuwa juu ya ubao uliotokezwa ubavuni, miili yao yote nje. Nilifanya kila ninalolijua. Nilikaza pembe ya mbele kwenye omo mpaka kamba ikalia. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimefungua kamba zote za foromali nikazifunga upya, nikakivuta kitambaa kuelekea ncha zote mbili ili kinyooke, na kwenye maji yaliyotulia karibu na mji kikanyooka kweli. Lilipokuja pigo la kwanza la upepo mkali, tumbo likarudi palepale.

Kwenye kugeuka ndiko tulikokwisha. Tunalegeza demani, tanga linapepea mbele, linapitishwa mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili, viroba vinahamishwa, ubao unahamishwa. Kwa tanga bapa vijana wangu wanayafanya haya bila kusemezana. Kwa hili, kitambaa kilijaa upepo kabla demani haijafungwa, kikamnyang'anya kamba kijana aliyeishika. Viganja vyote viwili vilichubuka, damu juu ya kamba. Maji yakaingia kwa upande wa demani, unakokwenda upepo, na tukawa tunafua maji huku mashua tulizoziacha nyuma mwaka jana zikipita moja baada ya nyingine.

Kufika wa mwisho navumilia. Shindano lina wa kwanza na wa mwisho. Kile kisichonitoka ni viganja vya yule kijana.

Siku chache baadaye nikaenda kwa fundi, tanga begani, na kijana mwenyewe nyuma yangu mikono imefungwa vitambaa. Nilitoa salamu, nikamwuliza hali, nikamweleza taratibu. Hakulifunua. Hakuligusa hata kwa kidole. Aliendelea kushona kazi ya mtu mwingine akasema, "Tanga halina kosa. Tafuta nahodha." Wateja wawili walikuwa wamekaa hapo wanasikia. Nikamwomba tulitandaze tu sakafuni, tunyooshe kamba kutoka pembe hadi pembe, aone mwenyewe ukingo ulivyobinuka. "Nina kazi, kijana." Mimi nina watoto wanaokwenda shule, na kana nimeishika tangu baba yangu yuko hai. Mzee wa kweli angeinuka, akatazama, kisha kama kosa ni langu angenionyesha.

Hapa nilikuwa nimeshafika mwisho wa maneno yangu: msiende kwake. Lakini kuna jambo lingine na sitalificha.

Wiki moja hivi baadaye upepo ulilala baada ya mvua, ukabaki wa kuegesha shavu tu. Tanga langu la zamani lilikuwa linatiwa kiraka, ikabidi nilipandishe hili kwenda Manda na kurudi. Mashua iliteleza. Sijui niseme vipi. Upepo ulikuwa haupeperushi hata kanzu, nasi tunakwenda, maji yananong'ona chini ya omo, tukaipita mashua ambayo kwenye hali hiyo haijawahi kupitwa na mimi. Lile tumbo lililotutesa mlangoni Shela lilikuwa limekaa mahali pake hasa. Dasi, kamba ya ukingo wa tanga, imeshonwa kwa mkono, kila pigo la sindano limelingana na mwenzake. Novemba, kwenye tamasha la utamaduni, wakati kusi imeshakufa na kaskazi haijakaa sawa, wallahi kwa tanga hili siogopi mtu.

Kwa hiyo fundi ni fundi. Na nikisema hivyo hasira inanipanda upya. Asiyejua kazi ungemsamehe. Huyu anajua, anajua kuliko wengi niliowaona, ila hakusikiliza. Alikata mkato wake wa siku zote, na mimi nikaupeleka mkato huo kwenye mawimbi na vijana watano.

Siku za upepo mkali nimerudi kwenye tanga la merikani, dogo, limechakaa. Nalilowesha maji ya chumvi kabla hatujaondoka ili nyuzi zivimbe na kushikana upepo usipenye, nalivuta vizuri kwenye foromali, na kana inakuwa nyepesi tena. Si la haraka kama nilivyotaka, lakini linanisikiliza.

Mtu akiniuliza niende, nisiende? Ukitaka tanga la upepo mdogo, nenda, hutapata bora. La kusi, simama juu ya kichwa chake siku anapokata. Au basi, ngoja. Usiende kabisa, maana bado sijasema la vipande.

Kitambaa nilikinunua mimi, chote. Kinachobaki ni changu, na kwetu fundi hukukunjia vipande pamoja na tanga, kwa kuwa ndivyo utakavyotilia viraka, rangi ile ile na uzito ule ule. Hakunipa. Nilipomwuliza siku ile, akasema vimetupwa. Nilipogeuka kutoka nikaviona chini ya cherehani, vimekunjwa vizuri, na ile alama niliyoitia mwenyewe kwa kalamu siku nilipoleta mzigo ikinitazama. Kijana naye aliviona. Hatukusema kitu, kwa sababu alikuwa ameshatupa mgongo.

Nimemtumia ujumbe mara mbili. Ameusoma. Vipande bado anavyo.